Kupaka weusi si kufuta: siri za dosie kabla hazijafika grefu

Hapa Lubumbashi, kabla karatasi ya kesi haijafika grefu (ofisi ya mahakama inayopokea karatasi za kesi), imekwisha kupita kwenye simu ya mteja, WhatsApp ya avoka na kompyuta ya duka la fotokopi. Siri huvujia humo njiani.

Kosa kubwa ni kile kisanduku cheusi. Ukichora mstatili juu ya jina katika Word au PDF, jina linabaki chini yake. Mtu akinakili sehemu hiyo na kuibandika pengine, analisoma lote. Mwezi wa kwanza 2019, kule Marekani, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, walipeleka andiko mahakamani likiwa limefunikwa namna hiyo, na waandishi wa habari wakasoma yaliyo chini siku ile ile.

Weka asili kando, fanya kazi kwenye nakala. Futa jina lenyewe, andika X moja, si X kumi na mbili, maana urefu wa pengo nao unamtaja mtu. Akaunti ya benki ibaki na tarakimu 4 za mwisho, tarehe ya kuzaliwa ibaki mwaka, mtoto abaki na herufi za mwanzo za majina yake. Hicho ni kipimo cha Kanuni ya 5.2 ya mahakama za shirikisho za Marekani, na si vibaya kukiazima. Kwa watu waliobakwa hakitoshi. Sheria ya Kongo namba 06/019 ya 20 Julai 2006, kifungu cha 74 bis, inawataka parke (waendesha mashtaka) na jaji walinde usalama, heshima na maisha ya faragha ya mwathiriwa. Kwa hiyo ondoa pia avenyu, shule na kazi: katika kartie ndogo, "mama muuza makaa wa pale kona" ni jina kamili.

Kisha kubali mabadiliko yote katika Word, futa maoni ya pembeni, ingia Fichier, Informations, halafu Inspecter le document, uondoe jina la mwandishi na data nyingine zilizojificha. Tengeneza PDF mpya. Ijaribu: Ctrl+A, Ctrl+C, bandika kwenye Bloc-notes, utafute kila jina. Angalia na jina la faili. Wengi husafisha kurasa zote halafu wakaliita faili kwa jina la mlalamikaji.

Karatasi ya skani ina mtego wake. Kalamu nyeusi peke yake haitoshi, maandishi huonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Bandika kipande cha karatasi nyeupe nzito, piga fotokopi, kisha skani hiyo fotokopi. Kama programu inageuza picha kuwa maandishi, igeuze baada ya kuficha, si kabla. Brashi ya kuchorea juu ya picha kwenye simu mara nyingi huacha wino unaopenya. Ukiongeza mwangaza wa picha, jina linaweza kurudi.

Dukani, simama hapo mpaka mwisho. Futa faili kwenye folda ya Téléchargements na kwenye kapu la takataka, funga WhatsApp Web kutoka simu yako. PDF ya siri iwe na neno la siri, nalo ulitaje kwa kupiga simu, usiliandike kwenye mazungumzo yale yale.

Jaji bado anahitaji majina kamili. Yaandike kwenye orodha moja, ukionyesha kila X ni nani, katika bahasha iliyofungwa, umwulize grefye mapema namna ya kuipokea. Orodha hiyo isipigwe picha kabisa.