Taarifa ya habari inamhusu mtu wa kawaida? Jibu langu kutoka Deep Sea, Tanga

Wakuu, mleta uzi kauliza kama kufuatilia habari kunamsaidia chochote mtu anayehangaikia riziki, na wengi mmemjibu ni kupoteza muda. Mimi ni mchuuzi wa samaki pale soko la samaki la Deep Sea, Tanga, na nina hisa kwenye boti moja ya mashine. Sikubaliani nanyi hata kidogo.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wanatangaza bei kikomo za mafuta, yaani bei ya juu kabisa ambayo kituo hakiruhusiwi kuipita. Sisi wa Tanga tuna bei yetu, maana mafuta yetu yanashushwa bandari ya hapa hapa, kwa hiyo ukisikia bei ya Dar usiishie hapo. Kwetu gharama za safari zinatolewa kwanza, petroli, barafu na chakula, kinachobaki ndicho tunagawana sisi wenye boti na mabaharia. Petroli ikipanda, mgao wa kila mtu unapungua, hata wa kijana anayekumba maji. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, kijiweni walisema hayo ni ya Wazungu. Bei ya mafuta ikapanda, na kufika Juni serikali ilikuwa inatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali ya bei ya mafuta. Aliyekuwa akifuatilia hakupoteza muda kugombana na mwenye kituo cha mafuta.

Halafu kuna bahari. Mei 2024 TMA, mamlaka ya hali ya hewa, walipotahadharisha kuhusu kimbunga Hidaya, simu zilijaa sauti za watu tusiowajua: huyu anasema mji utazama, yule anasema uongo, nendeni mkavue. Nahodha wetu alisikiliza redio, tukapandisha boti juu, mashine ikafunguliwa ikalazwa ndani. Kimbunga kikaishiwa nguvu kilipofika Mafia. Wapo waliolalamika kwamba wamekoseshwa kazi bure. Siafikiani nao, ukingoja uhakika wa upepo, utaupata ukiwa katikati ya maji.

Malumbano ya wanasiasa, nani kamjibu nani, nayapita tu, hapo mko sahihi. Ila bajeti ikisomwa Dodoma mwezi Juni naacha shughuli nisikilize, kwa sababu tozo ya mafuta ikiguswa mle, kuanzia Julai Mosi mimi na mabaharia wangu ndio tunailipa.