Diski za kuchomoa ndani ya emuleta: maswali na majibu

Swali: Natumia Linux. Diski yangu ya Zip ya MB 100 inasomeka vizuri kwenye kompyuta, ila QEMU, emuleta ninayotumia (programu inayoiga kompyuta nyingine), ikijaribu kuifungua inasema sina ruhusa. Nifanyeje?

Kifaa hicho, tuseme ni /dev/sdb, kiko chini ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) na kundi la disk, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida hakigusi. Wengi watakushauri ujiingize kwenye kundi hilo. Sisi hatushauri hivyo: ukishaingia, kuandika sda mahali pa sdb kunatosha kuharibu diski kuu ya kompyuta. Ni heri unakili diski nzima iwe faili moja, kisha uipe emuleta faili hilo. Anza na lsblk uhakikishe jina na ukubwa, ipachue diski kwa umount, halafu andika:

sudo dd if=/dev/sdb of=zip.img bs=512
sudo chown $USER zip.img

Mstari wa pili usiuruke, maana faili lililoundwa kwa sudo ni la root, na QEMU itakukatalia vilevile. Zip ya MB 100 ina sekta 196,608 za baiti 512, basi pima faili: liwe na baiti 100,663,296, isipungue hata moja. Likipungua, usomaji umekatika njiani. Hapo tumia ddrescue, ambayo huruka sekta mbovu na kuzirudia mwishoni:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb zip.img zip.map

Lakini kiendeshi kikianza kugonga tiki-tiki mfululizo, simamisha kazi mara moja, na usitie diski nyingine humo kuijaribu. Vichwa vilivyoharibika huichana diski isiyo na hitilafu, na diski iliyochanika huharibu vichwa vya kiendeshi kisicho na hitilafu.

Kwenye amri ya QEMU ongeza:

-drive file=zip.img,format=raw,if=ide,index=1

Ukiacha format=raw, QEMU hukisia aina ya faili na kuzuia uandishi kwenye sekta ya kwanza, kwa hiyo kugawa diski upya kutashindikana.

Swali: Faili la zip.img ninalo, ila Linux inakataa kulipachika.

Diski za Zip zilizofomatiwa kiwandani kwa ajili ya PC huwa na pataisheni (sehemu ya diski) moja tu, nayo imeandikwa katika nafasi ya 4, si ya 1, na huanzia sekta ya 32. Hesabu ni 32 × 512 = 16,384:

sudo mount -o loop,offset=16384 zip.img /mnt

Thibitisha kwanza kwa fdisk -l zip.img. Diski iliyofomatiwa kwa Macintosh ina mpangilio mwingine kabisa.

Swali: Nikihifadhi kazi ndani ya emuleta, nje siioni, na mara nyingine folda zinavurugika.

Umeipachika diski moja pande mbili kwa wakati mmoja. Kila mfumo unashikilia kumbukumbu yake ya jedwali la FAT (orodha ya mahali mafaili yalipo kwenye diski), haujui mwenzake ameandika nini, na anayeandika mwisho anafuta ya mwenzake. Zima mfumo wa ndani kwa utaratibu wake, ndipo upachike nje. Kisha pachua nje kabla ya kuwasha tena ndani. Kwa hili hakuna njia ya mkato.

Swali: Mchezo ndani ya DOSBox (emuleta ya programu za DOS) unadai CD ya pili. Nitaibadilishaje bila kuuzima?

Zitaje zote mwanzoni: imgmount d cd1.iso cd2.iso -t iso. Ukiombwa, bonyeza Ctrl+F4. Kwa flopi halisi uliyoiunganisha kwa mount, Ctrl+F4 hiyohiyo huifanya DOSBox isome upya orodha ya mafaili. Bila hivyo utaendelea kuona ya diski iliyotoka.

Swali: Flopi za Mac za KB 800 hazisomeki kwenye kiendeshi cha USB. Je, ni mbovu?

Huenda ni nzima. Zimeandikwa kwa GCR, mfumo wa Mac wa kuandika data kwenye flopi, na viendeshi vya flopi vya USB vinaelewa MFM tu, yaani mfumo wa PC. Unahitaji kifaa kama Greaseweazle (kibao cha USB kinachosoma flopi za mifumo mbalimbali) pamoja na kiendeshi cha kawaida cha PC cha inchi 3.5. Fungua kwanza kitundu cha kuzuia uandishi, kisha:

gw read --format=mac.800 diski.img

Faili liwe na baiti 819,200. Katika mipangilio ya Basilisk II (emuleta ya Mac za zamani) andika nyota kabla ya njia ya faili, nayo italifungua kwa kusoma tu.