Kichanga Anapokaa Siku Kadhaa Bila Kupata Choo

Katika nyumba yenye kichanga, nepi hutazamwa na watu wengi. Bibi anauliza kama mtoto amepata choo, shangazi anauliza, jirani aliyekuja kumpa mama hongera naye anauliza, na siku ile jibu linapokuwa "bado", kila mmoja ana dawa yake. Nimelea watoto watatu hapa Tanga, na kutokana na malezi hayo pamoja na maelezo ya wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto, nimefikia msimamo mmoja ambao ningependa kila mama mzazi aujue mapema: kabla ya kuhesabu siku, tazama kwanza umri wa mtoto, kisha ukumbuke kama choo chake cha mwisho kilikuwa laini au kigumu. Siku tano bila choo kwa mtoto wa wiki moja ni jambo la kumpeleka hospitali, ilhali siku hizo hizo tano kwa mtoto wa miezi miwili anayenyonya maziwa ya mama pekee, anayechangamka na kuongezeka uzito, mara nyingi hazina tatizo lolote.

Tuanze na saa za mwanzo, kwa sababu ndizo zenye hatari kubwa na ndizo zinazosahaulika. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake anatarajiwa kutoa choo cha kwanza, kile cheusi chenye ukijani, kizito na chenye kunata, ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Akina mama wengi waliojifungua salama huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku moja, pengine hata chini ya hapo, hivyo inawezekana kabisa familia ikaondoka wodini kabla choo hicho hakijaonekana, huku kila mmoja akidhani mwenzake amekiona. Muulize aliyembadilisha mtoto nepi. Ikiwa saa 24 zimepita bila choo, mwambie mkunga. Zikifika 48, mtoto anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo, hata kama ananyonya. Wapo watoto wachache wanaozaliwa njia ya haja kubwa ikiwa haikufunguka, na wapo wengine, takriban mmoja kati ya 5,000, ambao sehemu ya mwisho ya utumbo mpana haina chembe za neva zinazouwezesha kulegea na kupitisha choo. Ugonjwa huu wa pili unaitwa Hirschsprung, kwa jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886, na tiba yake ni upasuaji, ambao hapa nchini hufanywa na madaktari wa upasuaji wa watoto katika hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC. Hakuna mafuta wala majani yatakayofungua utumbo wa namna hiyo, na kila siku inayopotea nyumbani inamwongezea mtoto hatari ya tumbo kuvimba na utumbo kupata maambukizi.

Choo cha kwanza kikishatoka, maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, ndiyo yanayosaidia kusafisha mabaki yake, na ndiyo maana mama anayeshauriwa kuyakamua na kuyamwaga kwa madai kwamba ni machafu anashauriwa vibaya. Kufikia siku ya tatu au ya nne choo huwa cha kijani, na kufikia siku ya tano kinakuwa cha njano, chepesi, chenye chembechembe ndogo. Katika wiki za mwanzo mtoto anayenyonya vizuri kwa kawaida hupata choo mara tatu, nne au zaidi kwa siku, mara nyingi akiwa bado yuko kwenye titi, kwa kuwa tumbo linapopokea maziwa, utumbo mpana nao huanza kusukuma. Kwa hiyo mtoto wa wiki mbili anapopitisha siku nzima, au mbili, bila choo, jambo la kwanza ninalolishuku ni kwamba maziwa hayamfikii ya kutosha. Hilo lina dalili zake nyingine. Mtoto aliyefikisha siku sita anatakiwa kukojoa angalau mara sita kwa siku, mkojo ukiwa hauna rangi kali, na kufikia wiki mbili anatakiwa awe amerudisha uzito aliozaliwa nao.

Kwa mwanangu wa pili ndivyo ilivyokuwa. Muuguzi hakuanza na tumbo la mtoto. Aliniomba nimnyonyeshe mbele yake, akakaa kimya akisikiliza. Mtoto alikuwa akichezesha mashavu haraka haraka bila kumeza, mdomo ukiwa umeshika chuchu tu. Akamsogeza hadi tumbo lake likagusana na langu, akasubiri apanue mdomo wote, ndipo akamleta kwenye titi kwa haraka, kidevu kikitangulia, mpaka sehemu kubwa ya ule weusi unaoizunguka chuchu ikaingia mdomoni. Muda si mrefu tukaanza kusikia anameza. Alinielekeza nimnyonyeshe mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku na mchana, bila kumhamisha titi kabla hajaliachia mwenyewe, na choo kilirejea katika hali yake kabla ya wiki kwisha, bila dawa ya aina yoyote. Ninalieleza hili kwa kirefu kwa sababu mama anayeambiwa kwamba mtoto wake amefunga choo hutafuta dawa ya tumbo, wakati ambapo msaada anaouhitaji ni wa mtu wa kutazama jinsi mtoto anavyoshika titi.

Hali nyingine, ambayo naamini ndiyo inayopewa dawa nyingi zaidi bila sababu, ni ya mtoto anayejikamua. Anakunja miguu, uso unamwiva, anaguna, analia kwa dakika kumi au ishirini, kisha kinatoka choo laini kabisa. Mtu akimwona namna hiyo hawezi kuamini kwamba hajafunga choo. Lakini kutoa haja kunahitaji mambo mawili yaende pamoja, yaani misuli ya tumbo isukume na wakati huohuo misuli ya njia ya haja ilegee, na kichanga bado hajajua kuyaoanisha. Anasukuma huku amebana, na kilio chenyewe ndicho kinachomwongezea nguvu ya kusukuma. Kadiri anavyokua anajifunza mwenyewe. Ukimwingizia kitu kwa nyuma kila anapojikamua, unamchelewesha kujifunza, kwa kuwa mwili wake unazoea kusubiri kuchokozwa.

Baada ya takriban wiki sita mambo hubadilika tena, na hapa ndipo familia nyingi hushtuka. Mtoto aliyekuwa akichafua kila nepi anaanza kukaa siku mbili, nne, hata wiki nzima. Maziwa ya mama hutumika mwilini karibu yote, kwa hiyo mabaki ya kutoa huwa machache. Binti yangu wa mwisho alipofikia umri huo, mama mkwe wangu, ambaye amelea wajukuu wengi na ninamheshimu sana, alikuja chumbani akiwa na kipande cha sabuni ya mche alichokwisha kukichonga kikawa chembamba. "Mwanangu, huyu mtoto tumbo litamjaa, nipe nimsaidie." Nilikuwa nimeshamtazama mtoto vizuri: tumbo lilikuwa laini nilipolibonyeza kwa kiganja, alikuwa ananyonya kwa hamu, anakojoa, na anatoa hewa. Nikamwambia, "Mama, nakuomba tumsubirie hadi kesho asubuhi tumpeleke kliniki, na wewe ndiye utakayemshika." Alikubali. Kesho yake alimpandisha mwenyewe kwenye mizani ya kuning'inia, akaona alama kwenye kadi imepanda juu ya ile ya mwezi uliopita, na muuguzi akamweleza kwa adabu, "Bibi, mjukuu wako ameshiba na tumbo lake liko sawa, mwache atatoa mwenyewe." Mtoto alitoa siku iliyofuata, choo kingi, cha njano na laini, kilichovuka nepi hadi mgongoni.

Ningewashauri akina mama wenzangu wasigombane na wazee katika jambo hili. Haraka yao inatokana na mapenzi, na wengi wao wameshuhudia watoto wakipotea kwa maradhi ya tumbo. Mzee akishirikishwa, akasikia maelezo kwa mtaalamu kwa masikio yake, huwa mlinzi wa mtoto kuliko mtu mwingine yeyote.

Hata hivyo, kuhusu sabuni sina maneno ya kulainisha. Sabuni huleta haja kwa kuwasha na kuchubua ngozi laini ya ndani, na mtoto akichubuka atabana kila haja inapomjia kwa sababu inamuuma, na hapo ndipo choo kinapokuwa kigumu kweli. Kumpiga bomba nyumbani ni hatari zaidi, kwani utumbo wa kichanga unaweza kutobolewa, na maji au dawa inayoingia humo inaweza kuvuruga chumvi za mwili wake. Dawa za mchango za kunywa, ziwe za majani au za chupa, hazina nafasi katika umri ambao figo na ini bado ni changa. Maji nayo hayahitajiki: zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji, na Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Kuhusu asali niwe wazi kabisa, kwa kuwa katika nyumba nyingi hulambishwa mtoto kwa nia njema. Asali inaweza kuwa na vimelea vya bakteria ambavyo, ndani ya utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hutengeneza sumu inayolegeza misuli, na dalili ya kwanza ya ugonjwa huo mara nyingi ni huko huko kufunga choo.

Kitu ninachokifanya nyumbani ni kidogo na hakina gharama. Baada ya kumwogesha kwa maji ya uvuguvugu ninamlaza chali juu ya kanga, ninapaka viganja vyangu mafuta kidogo ya nazi, kisha ninamsugua tumbo taratibu: naanzia chini upande wake wa kulia, ambao kwangu mimi niliyemwelekea ni wa kushoto, napanda hadi karibu na mbavu, navuka juu ya kitovu, nashuka upande wake wa pili. Ndiyo njia inayofuatwa na utumbo mpana wenyewe. Kitovu kama hakijapona sikigusi, na mtoto akiwa ametoka kunyonya nasubiri kwanza. Halafu ninamshika miguu, ninakunja goti moja kuelekea tumboni huku nikinyoosha lingine, kwa zamu, mpaka atoe hewa. Mara nyingi choo hakiji hapo hapo, lakini mtoto hutulia, na mama naye hutulia.

Kwa mtoto anayetumia maziwa ya kopo hesabu ni tofauti kidogo, kwa kuwa choo chake kwa asili ni kizito zaidi na yeye ndiye anayeweza kufunga choo kikweli, akatoa vidonge vikavu kama kinyesi cha mbuzi. Tazama kwanza namna maziwa yanavyochanganywa. Maji yaliyochemshwa hutangulia kwenye chupa kwa kipimo kamili, kisha unga hufuata kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo, kikiwa kimesawazishwa bila kushindiliwa. Kijiko kilichojazwa mlima ili mtoto "ashibe vizuri" humpa maziwa mazito yenye maji machache, na choo hukauka. Kosa la upande wa pili, la kupunguza unga ili kopo lidumu, humnyima chakula. Maziwa ya ng'ombe na uji visiingie kabisa katika umri huu, na dawa ya kulainisha choo itolewe na mtaalamu aliyempima mtoto.

Chakula cha mama kinalaumiwa bure. Ugali, ndizi za kupikwa au vidonge vya kuongeza damu vinaweza kumfanya mama mwenyewe apate choo kigumu, na kwa hilo anywe maji ya kutosha na ale mboga za majani, mapapai na maembe, lakini madini hayo ya chuma hupita kwa kiasi kidogo sana katika maziwa, na hakuna sababu ya kuviacha vidonge hivyo kwa ajili ya mtoto.

Zipo dalili ambazo hazisubiri kesho asubuhi. Matapishi ya rangi ya kijani kwa kichanga huashiria kwamba utumbo unaweza kuwa umeziba, na hayo pekee yanatosha kukuondoa nyumbani usiku wa manane. Vivyo hivyo tumbo lililovimba na kukakamaa, damu kwenye choo, mtoto anayekataa kunyonya au aliyelegea, na joto la mwili linalofika nyuzi 37.5 au linaloshuka chini ya 35.5. Kuna dalili nyingine isiyo na kishindo, ya mtoto mwenye choo cha nadra ambaye pia manjano ya macho hayaishi, sauti ya kilio ni nzito, ulimi ni mkubwa na analala kupita kiasi. Huyo anahitaji kupimwa homoni za tezi la shingo, kwa kuwa akicheleweshewa dawa ubongo wake ndio unaoumia. Unapokwenda, mfunike mtoto apate joto, endelea kumnyonyesha njiani kama hatapiki, na uchukue kadi ya kliniki pamoja na nepi ya mwisho yenye choo ndani ya mfuko wa plastiki. Daktari atakuuliza choo cha kwanza kilitoka lini, cha mwisho kilikuwaje, mtoto anakojoa mara ngapi, na amepewa kitu gani zaidi ya maziwa. Kwa swali hilo la mwisho mwambie kila kitu, hata kama aliyempa ni mtu unayemheshimu na amesimama kando yako.