Nimpeleke mtoto shamba la viungo?

SWALI

Shikamoo bibi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, anatimiza miaka minne mwezi wa pili. Tunakaa Jang'ombe. Wifi yangu yuko Marekani, na kila ikifika Oktoba hututumia picha za mwanawe shambani: mara kakalishwa juu ya boga kubwa kuliko yeye, mara kapakiwa kwenye tela la majani makavu linalovutwa na trekta, mara wanapotezana katika vijia vilivyokatwa ndani ya shamba la mahindi. Na wanalipa kiingilio! Sasa mwanangu kazishikilia picha zile, kila siku "mama, shamba". Nimefikiri nimpeleke kwenye viungo huko Kizimbani. Baba yake anasema ni kutupa pesa, viungo vyote vimo jikoni, na yale ni mambo ya watalii. Tena mtoto mwenyewe akitembea kidogo tu anataka kubebwa. Niende au niache?

Mama wa Jang'ombe

JIBU

Marahaba mwanangu. Nenda. Na huyo baba mchukue, ndiye atakayebeba.

Picha za wifi yako usizionee wivu wala usizicheke. Kwao mwezi huo ni wa mavuno kabla baridi haijashika, na maboga mengi wananunua kwa ajili ya siku yao ya tarehe 31 Oktoba. Huyachonga macho na meno wakatia mshumaa ndani. Sisi boga tunalitia nazi. Lakini Oktoba na kwetu ni mavuno, karafuu zikikubali. Usitarajie tu kuona Unguja kama utakavyoona Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kikaiacha ya Pemba, na mpaka leo karafuu nyingi ni za huko. Kizimbani utaona miti michache na wachumaji wachache, na kwa mtoto wa miaka minne inatosha kabisa.

Sasa la baba yake, kwamba viungo vimo jikoni. Mwaka jana nilikwenda na mjukuu wangu wa kike, umri huohuo wa mwanao. Shamba lenyewe silitaji. Kijana aliyetutembeza alikuwa hodari wa maneno, ila kazoea wageni. Akakwangua gome, akanisogezea puani, akaniuliza, "Bibi, unakijua hiki?" Mimi! Mzaliwa wa Konde, kule Pemba, nimeokota karafuu chini ya miti kabla meno ya utoto hayajaning'oka, leo naulizwa mdalasini. Nikamwambia, mwanangu, hebu muulize huyu mdogo. Akachutama, akamnusisha. Mtoto akapiga ukelele: "Chai!"

Basi hapo ndipo matembezi yetu yalipoanza. Mtoto akaukumbatia mti mzima, akaunusa, akanilalamikia kuwa hauna chai. Kijana akamwonyesha kuwa mpaka gome likwanguliwe. Kisha akachimba kipande cha mzizi, maana mzizi wa mdalasini harufu yake nyengine kabisa, kama kafuri. Mjukuu wangu akanusa, akanigeukia mbele za watu: "Bibi, inanuka wewe." Ni ile dawa yangu ya kuchua magoti. Jikoni kwako, mwanangu, hilo hulipati.

Alichokipenda zaidi ni kungumanga. Kwa nje ni tunda la manjano tu, kama pera lililokosa bahati. Kijana akalipasua kwa kisu, na ndani mkatoka kokwa nyeusi inayong'aa, imevikwa basibasi nyekundu kama wavu. Nyekundu hasa, si ile ya dukani iliyokwisha kupauka. Mtoto akalishika kwa mikono miwili njia nzima, hakulitoa mpaka tukafika Darajani. Basibasi ilikuwa imekauka na kuchanika, na yeye bado anamwonyesha kila abiria wa daladala.

Kwa hiyo sikiliza. Mwambie anayekutembezeni tangu mlangoni kuwa nyinyi ni wenyeji na mmekuja kwa ajili ya mtoto, na bei mpatane hapohapo kabla ya kunusa chochote. Nendeni asubuhi, saa mbili na nusu hivi, jua halijawa kali. Ziara ya wageni huchukua zaidi ya muda wa saa mbili pamoja na chakula. Nyinyi muda wa saa moja unawatosha. Wangu alichoka kwenye iliki, akakaa chini. Vanila hatukuiona, na sijuti: ikiwa bado mtini mbichi haina hata harufu, mtoto ungemwambia nini? Hamamu ya Kidichi, ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe mwaka 1850, iko karibu, na wewe utaipenda. Mwanao utampa dakika kumi, kisha atataka maji.

Msiba wetu ulikuwa pilipili. Nilikuwa nazungumza (kosa langu, nikizungumza sina mwisho), kumbe mwenzangu keshachuma pilipili mbivu, kaiponda kwa vidole, na vidole vikaenda jichoni. Wallahi shamba zima lilisikia. Tulimwosha jicho kwa maji safi ya chupa, mengi, hayakuwa ya kunyunyiza, mpaka chupa mbili zikaisha, na mikono tukaisugua kwa sabuni. Chukua maji ya ziada na kipande cha sabuni, na kwenye pilipili mshike mwanao mkono.

Kwenye mzingefuri mwachie. Zile mbegu zake nyekundu atapakwa mdomo, mashavu, kila pahala, na atafurahi kuliko vyote. Ngozini rangi inatoka kwa mafuta ya nazi, nguo sahau. Gauni letu la Idi sasa ni la kulalia. Mvishe nguo iliyokwisha kuchakaa na viatu vya kufunika vidole, vuli ikianza vijia huwa tope na siafu hutoka. Mkipewa shokishoki, mmenyee wewe, toa kokwa, umpe nyama tu. Kokwa ile inateleza, na koo la mtoto ni dogo.

Mkikuta wanachuma karafuu, simameni mbali na mti. Tawi la mkarafuu huvunjika ghafla, wachumaji wenyewe wanalijua hilo, na mimi nimeshuhudia mtu mzima akishuka nalo. Lakini kwenye jamvi msikose kukaa. Omba, usichume, omba kishada kimoja. Akichukue mkononi, akisugue kwenye kiganja cha pili, vichwa vianguke, makonyo yabaki. Mwonyeshe vile vichwa vilivyofumba na vilivyokwisha kuchanua, umwambie kilichochanua hakina bei. Na makonyo hayatupwi: Pemba, kule Wawi, kuna kiwanda kinachoyatoa mafuta. Mtoto atakuuliza makonyo yana mafuta wapi, na wewe hutokuwa na jibu, mpe ayanuse.

Vile vichwa vyake vidogo rudi navyo, uvianike kwenye uteo barazani. Kila asubuhi atakwenda kuviangalia. Jua likiwa zuri, siku nne tano vitageuka kutoka kijani na waridi mpaka rangi ya kahawia, na vitakuwa vyepesi mno. Siku hiyo mpikie chai, umwachie yeye atie karafuu moja, yake, aliyoichambua mwenyewe. Baba naye akae hapo aione.

Picha mtumie wifi. Akiuliza maboga yenu yako wapi, mwambie yamo chunguni.