Kubandika shiti ya gari na sufu ndani ya hedifoni: yaliyonitokea kwenye zangu

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili maana ndilo nililopambana nalo mimi miaka mitatu iliyopita. Umesema hedifoni zako zina matundu mgongoni, herufi "s" inachoma sikio kama sindano, besi inavuma kama pipa, na umeona watu wanabandika ndani ile shiti nyeusi ya mpira yenye karatasi ya alumini ambayo mafundi muziki wa magari huweka kwenye milango. Unauliza kama inasaidia kweli, na kama itakuzuilia kelele za stendi hapo Arusha unapokaa. Inasaidia, ila kwa sehemu tu, na sehemu yenyewe siyo ile ambayo wengi wanaifikiria.

Ninarekodi kwaya hapa Moshi. Chumba changu kiko Majengo, nimepakana ukuta na fundi mageti, kwa hiyo mchana spika kubwa hazina maana: grenda ikiwaka imewaka. Kazi yote ya kupanga sauti naifanyia masikioni. Kuna kwaya ilinirudishia wimbo, mwalimu wao akaniambia kwa upole kabisa, "Kijana wangu, sauti ya pili umeipeleka wapi?" Niliumia, maana wale akina mama walikuwa wameimba vizuri mno. Mimi niliisikia sauti ya pili imezidi, ndiyo maana niliishusha. Kumbe haikuwa imezidi. Vikombe vya plastiki vya hedifoni zangu vilikuwa vinaitikia pamoja nao kwenye noti zile zile. Nilikuja kujua siku nilipovigonga kwa kucha: tok, tok, kama kopo tupu la Blue Band.

Kiwambo cha spika, ile ngozi yake inayotetemeka, kinasukuma hewa mbele kuelekea sikioni, na nyuma vile vile. Sauti ya nyuma ikifika kwenye ukuta wa kikombe, nyingine inautikisa ukuta wenyewe, nyingine inadunda na kurudi, inapenya kiwambo na kukufikia imechelewa kidogo. Hayo ni matatizo mawili tofauti. Plastiki inayotetemeka inahitaji uzito na mpira mzito wa kuumeza ule mtetemo. Hapo ndipo shiti ya gari ina kazi. Hewa inayodunda inahitaji nyuzi: sufu, felti, pamba. Ukiweka shiti peke yake, sauti itaendelea kudunda kwenye alumini. Ukiweka pamba peke yake, plastiki itaendelea kuimba.

Kwenye besi ndipo watu wanapoteza hela. Sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde. Wimbi la 8,000 Hz (mitetemo 8,000 kwa sekunde), maeneo ya hiyo "s" yako, lina urefu wa sentimita nne na kidogo. La 100 Hz lina mita 3.4. Nyuzi hufanya kazi vizuri unene wake ukikaribia robo ya wimbi, yaani kwa "s" sentimita moja inatosha, lakini kwa hiyo besi ungehitaji sentimita 85. Kikombe cha kuenea hizo hakuna. Besi ya hedifoni inatawaliwa na jinsi pedi, zile sponji za sikioni, zinavyobana kichwani, na yale matundu madogo nyuma ya spika yaliyofunikwa na kikaratasi. Kikaratasi hicho usikibandue na usikizibe. Kimewekwa kwa hesabu.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta shiti, angalia pedi. Cheza toni ya 50 Hz kwa sauti ndogo, kisha bonyeza vikombe polepole kwa viganja. Besi ikiruka ghafla, pedi zinavujisha hewa, na hakuna kitu utakachobandika ndani kitakachorekebisha hilo. Miwani nayo huvujisha pale mkono wake unapopita. Zangu pedi zilikuwa zimeshachanika, sponji inaonekana. Nilibadilisha kwanza, na kusema kweli nusu ya tatizo iliishia hapo.

Kufungua: tandika kitambaa safi juu ya meza, mbali na vumbi. Hili nalisisitiza kwa sisi wa huku. Udongo wetu ni wa volkano, una chembe nyeusi zinazoshikwa na sumaku, na spika ni sumaku. Chembe moja ikiingia kwenye koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya kiwambo, utaisikia maisha yote. Mimi nilikuwa na unga wa grenda pia, nikafanya kazi Jumapili jirani akiwa amefunga. Vuta pedi, zina ukingo unaoingia kwenye mfereji kuzunguka kikombe, kisha skrubu. Waya za ndani ni nyembamba kama nywele na zimepakwa vanishi, zikikatika lazima uchome ile vanishi kwanza ndipo risasi ya kuchomelea ishike. Piga picha rangi zake kabla. Ukigeuza waya za upande mmoja, kiwambo kimoja kitavuta wakati kingine kinasukuma, na sauti itasikika imetawanyika, haikai katikati ya kichwa.

Shiti niliomba kipande kilichobaki kwa fundi muziki wa magari, unene wa milimita 2. Nilifuta plastiki ya ndani kwa spiriti, nikakata vipande vidogo vidogo, nikavikandamiza kwa mpini wa kijiko mpaka mpira ukashika kila kona. Upande mmoja ulibeba gramu 11 kwa mizani ya mama muuza viungo. Sikujaza ukuta wote, niliacha karibu theluthi, maana kila gramu utaibeba kichwani. Nikagonga tena kwa kucha. Dup. Ile tok imekufa. Kama hupati shiti, udongo wa kufinyangia wa watoto unaouzwa stationari unafanya kazi hiyo hiyo. Fostex T50RP, hedifoni za Kijapani zenye kiwambo bapa, watu wamezifanyia hivyo miaka mingi, udongo na felti, na zinabadilika sana. Bitumini ya paa achana nayo, inanuka na jua likiwaka inalainika.

Upande wa nyuzi ndipo nilipokosea. Nilichukua pamba ya hospitali nikashindilia mpaka kikombe kikajaa pomoni. Sauti ya kwanza ya kwaya ikawa kama inatoka ndani ya blanketi, na siku ya pili upande wa kushoto ukaanza krrr, krrr. Nyuzi zilikuwa zimepenya kwenye tundu la nyuma na kugusa kiwambo. Niliitoa yote kwa kibano, nyuzi moja moja, karibu saa nzima.

Baadaye nikaenda soko la Memoria, nikapata koti la mtumba la sufu nzito, shilingi 3,000. Nikalifua, nikalikausha, nikalipiga brashi mpaka halitoi manyoya. Kipande kimoja cha mviringo nyuma ya spika, hakigusi tundu, basi. Sufu ya kioo ile ya dari usithubutu, vumbi lake linawasha na haifai karibu na pumzi yako.

Sasa hiyo "s". Inayochoma zaidi inatoka mbele ya spika, kwa hiyo dawa yake iko mbele. Chukua tishu ya tabaka mbili, itenganishe, tabaka moja ilaze kati ya spika na pedi. Sikiliza siku nzima. Haitoshi, ongeza ya pili. Fanya upande mmoja kwanza, mwingine uache kama ulivyo, cheza wimbo unaoujua uliochanganywa mono, yaani pande zote mbili sauti ile ile, ugeuze hedifoni kushoto kulia. Sikio linazoea haraka, bila kulinganisha hivyo utajidanganya. Mimi nilihitaji tabaka moja tu.

Kelele za stendi ni habari nyingine. Zako zina matundu, na sauti ya Hiace inaingia kwa matundu hayo hayo, shiti haitaizuia. Ukiyaziba, besi itabadilika na huenda ikavuma zaidi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba utaongeza sauti ili uwashinde makondakta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na sisi tunaofanya kazi hii tunazimaliza saa hizo upesi. Tafuta za kufunga kabisa kwa kazi ya mchana, hizi zifanyie kazi usiku.

Ule wimbo nilirudi nikaupanga upya, nikainua sauti ya pili, nikampelekea mwalimu kwa simu. Akaupokea. Ukiteremka Moshi njoo na zako. Shiti ninayo ya kutosha vikombe vinne, na lile koti bado lina mkono mmoja.