Kabla Hujanunua Mashine ya Kutafuta Dhahabu, Nisikilize

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tabora aliniandikia: "Kaka, nimepata mashine ya antena, inanusa dhahabu mpaka mita 50 chini. Babu anajua Wajerumani walikofukia rupia zao. Jamaa anataka milioni nne. Nichukue?"

Usichukue, mdogo wangu. Nakujibu hadharani kwa sababu ujumbe wa namna hii naupata kila mara, na inaniuma kuona vijana wanaotaka kujikwamua wanavyopigwa mchana kweupe.

Rupia zenyewe si hadithi. Mwaka 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imewabana, Wajerumani waliotawala huku walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 palepale Tabora, kwenye karakana ya reli. Zilikuwa zaidi ya 16,000, zina picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Lakini zilitengenezwa ili zilipe watu, si zifukiwe, na Septemba mwaka huohuo mji ukachukuliwa na Wabelgiji. Hata kama babu yuko sahihi, sarafu ndogo vile mashine nzuri inaisikia kwenye kina cha futi moja hivi. Mita 50 ni uongo. Uingereza kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa James McCormick, aliuza vijiti vya antena vya aina hiyohiyo akidai vinatambua mabomu. Mwaka 2013 alifungwa miaka 10.

Mashine ya kweli ina sahani chini, inayopeleka nguvu ya sumaku ardhini. Chuma au madini yakiguswa na nguvu hiyo yanarudisha jibu, nawe unalisikia masikioni kama mlio. Basi. Haikwambii hii ni dhahabu na hiki ni kizibo cha soda. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: chimba kila mlio.

Mimi kazi hii nimeifanyia Chunya. Watu wanachimba bonde la Lupa tangu miaka ya 1920, na dhahabu ya huko nyingine imeburutwa na maji ya zamani, imelala juujuu kwa vipande. Hapo sahani inalipa. Ukienda kwenye mwamba ambao dhahabu yake ni unga mtupu, wa kupeleka karasha, mashine ya kusaga mawe, utatembea kutwa nzima kimya. Jua kwanza eneo lako lina dhahabu ya namna gani, ndipo uulize bei ya mashine.

Nyumbani walinicheka sana. Shemeji zangu walisema nimesoma ili nije kuokota misumari porini. Na kweli misumari niliokota, na maganda ya risasi, na vipande vya nondo. Udongo mwekundu wa kule una chuma kingi, mashine usipoirekebisha kwanza izoee udongo wa hapo inalia ovyo mpaka kichwa kinauma.

Siku ya kile kipande, mlio ulikuwa mwembamba kama mbu aliye chumba cha pili. Mwenzangu akasema, "Msumari huo, twende." Nikakwangua udongo wa juu kwa mguu, nikapitisha tena sahani. Mlio haukusogea, ukaongezeka. Nikachimba mpaka kiwiko. Nikachota udongo kwa kikombe cha plastiki, nikaupitisha juu ya sahani: unalia. Nikamwaga nusu, nikapitisha: bado. Nikamwaga nusu tena, mpaka mkononi ukabaki udongo kidogo, na ndani yake kitu kizito kuliko ukubwa wake. Nikakisugua kwa kidole gumba. Manjano.

Mzani wa kijijini ulisema gramu 11. Mwenzangu akabeba kwenda kuuza mjini, akarudi na hela ya gramu saba, eti mzani wa kijijini mbovu. Mtu tuliyekula naye ugali sahani moja! Mpaka leo tukikutana msibani anaangalia chini, na mimi simsalimii kwanza.

Kwa hiyo vijana, nawaambieni kwa uchungu kabisa: andikianeni. Mgao wa mwenye mashine, wa mwenye leseni na wa mchimbaji uwe kwenye karatasi kabla sahani haijagusa ardhi, na shahidi awepo. Kuuza mwende wote. Masoko ya madini yapo tangu 2019, Chunya lipo, uzito unaandikwa kwenye risiti na kila mtu anausoma kwa macho yake. Anayekwepa karatasi leo atakukwepa na hela kesho.

Na chimbeni kila mlio, narudia. Tembea taratibu, sahani iwe karibu na ardhi bila kuinuliwa pembeni. Simu na pete acha mbali. Beba sumaku kali, itakuondolea vipande vya chuma shimoni.

Usiingie eneo lenye leseni ya mtu bila ruhusa. Magofu kama ya Kilwa usiyaguse kabisa. Kuchimba mali kale bila kibali ni kosa, na kile ni kumbukumbu ya wote.

Halafu fukieni mashimo. Kuna mwenye shamba aliyenipokea vizuri miaka yote, mwaka jana akanifungia njia kwa sababu kikundi fulani kilipita kabla yangu kikaacha ardhi imetoboka, ng'ombe wake akavunjika mguu. Nilimwelewa. Koleo lililotoa udongo linaweza kuurudisha, ni kazi ya dakika moja.