“Mwalimu, Wenzangu Wamepata Jibu Jingine”

Kila msimu wa mitihani barua zinazonijia hufanana. Karatasi zimekusanywa, vijana wametoka nje, na kabla hata hawajafika kwenye kivuli cha mwembe wameshaanza: “Namba tano umepata ngapi?” Mwenye sauti kubwa anataja jibu lake, watatu wanaitikia, na yule aliyepata tofauti ananyamaza huku moyo ukimwenda mbio. Huyo aliyenyamaza ndiye anayeniandikia. Safari hii wengi ni vijana wa kidato cha nne waliomaliza mtihani wa utamilifu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, wakijiandaa na ule wa taifa wa Novemba.

Shikamoo mwalimu. Kwenye Fizikia kwa vitendo tulipewa pendulamu ili tutafute g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia. Wenzangu watano wote wamepata 9.8, mimi nimepata 9.4. Wanasema swali zima nimekosa. (Kidato cha nne, Iringa)

Marahaba mwanangu. Hujakosa swali zima, na huenda hujakosa kabisa. Tazama ulichokifanya: umening'iniza kijiwe kwenye uzi, umekiachia kipembee mara 20, umesoma sekunde, umegawanya kwa 20 ukapata T, yaani muda wa mpembeo mmoja, ukazidisha T kwa T, kisha ukachora grafu ya T² dhidi ya urefu wa uzi. Mteremko wa grafu hiyo ni 4π² ukigawanya kwa g. Mteremko ukiwa 4.03, g inakuja 9.8. Ukiwa 4.2, g inakuja 9.4. Chora mistari hiyo miwili kwenye karatasi moja uone ilivyokaribiana. Rula ikiinama kidogo tu umeshatoka kwenye mmoja ukaingia kwenye mwingine.

Kosa ninalolikuta kila mwaka ni la kuhesabu. Kijiwe kinaachiwa, saa inabonyezwa, na papo hapo mwanafunzi anasema “moja”. Pale ni sifuri. Moja ni kijiwe kinaporudi mahali kilipoanzia. Aliyeanza na moja amehesabu mipembeo 19 akaiita 20, na g yake itapanda hadi karibu 10.9. Kama darasani kwenu kuna mwenye 10.9, mwambie aende akakumbuke alivyohesabu.

Ninaowahofia mimi ni hao watano. Nyuzi tano, vidole vitano vya kubonyeza saa, halafu wote 9.8 kamili? Naogopa kuna waliojua jibu kabla, wakarudi nyuma kurekebisha jedwali. Msahihishaji huliona hilo mara moja, kwa sababu nukta zao zote hukaa juu ya mstari bila hata moja kuchomoka, na vipimo vya kweli havikai hivyo. Alama za swali la namna hii zimetawanyika: jedwali, vizio, kichwa cha grafu, mihimili, skeli, mstari unaopita katikati ya nukta, na ile pembetatu ya kuoneshea mteremko. Thamani ya g ni kipande kimoja tu. Umeandika ulichokiona, na hiyo ndiyo sayansi.

Mwalimu, kwenye taitresheni, lile jaribio la kudondosha asidi kwenye besi hadi rangi igeuke, mimi nilitumia asidi sentimita za ujazo 19.6, rafiki yangu 24.5. Tulikuwa chumba kimoja, chupa za dawa ni zilezile. Mmoja wetu lazima amekosea, nimelia sana. (Kidato cha nne, Tabora)

Futa machozi, kisha nijibu: pipeti yako, ule mrija wa kupimia besi, ilikuwa ya ujazo gani? Shule nyingi zina pipeti za sentimita za ujazo 20 na za 25 zimechanganyika kwenye kabati moja, na ndiyo maana karatasi ya majibu ina nafasi ya kuandika ujazo wa pipeti uliyotumia. Wengi huijaza mwisho kabisa kwa haraka, kumbe ndiyo inayobeba hesabu nzima.

Tuseme wewe ulikuwa na ya 20 na mwenzako ya 25. Gawanya 19.6 kwa 20: unapata 0.98. Gawanya 24.5 kwa 25: 0.98 vilevile. Mmepima kitu kimoja kwa vikombe viwili tofauti! Mkiingiza kwenye kanuni, molariti, yaani ukolezi wa dawa, itatoka ileile. Mngekuwa mmetaja na pipeti pale nje, leo hulii.

Na kama pipeti zenu zililingana? Basi kweli mmoja ana tatizo, na mara nyingi liko kwenye rangi. Tone moja la mwisho ndilo hugeuza rangi, na mtu asiyekuwa na subira humwaga matano zaidi ili “aone vizuri”. Ukisoma bureti, ule mrija wa kudondoshea asidi, shusha jicho liwe usawa mmoja na maji, usome chini ya ule mbonyeo wao. Andika 24.50 badala ya 24.5.

Mtu wa kilo 60 uzito wake ni 60 au 600? Tumegombana. (Kidato cha pili, Mbeya)

Ni nyutoni 600, ukitumia g ya 10. Kilo 60 ni tungamo lake, yaani kiasi cha maada alichonacho. Mkanganyiko huu umetoka sokoni, ambako sote tunasema “uzito wa kilo mbili”, na sokoni hakuna anayepotea kwa kusema hivyo. Kwenye karatasi ya Fizikia utapotea. Swali likitaja uzito, kizio cha jibu lako kiwe nyutoni.

Swali lilisema barafu inaelea kwenye bilauri iliyojaa maji hadi ukingoni. Ikiyeyuka yote, maji yatafanyaje? Darasa letu tuko 52. Wote wamesema yatamwagika, mimi peke yangu nimesema yatabaki palepale. Wananicheka mpaka leo. (Kidato cha tatu, Tanga)

Umepata wewe.

Chukua kipande cha barafu cha gramu 100. Kinapoelea, kinasukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake, yaani gramu 100 za maji. Kikiyeyuka kinakuwa maji gani? Gramu 100 zilezile. Yanaingia kwenye nafasi ileile ambayo barafu ilikuwa imeishika chini ya usawa wa maji, na nafasi inajaa barabara. Kile kichwa cha barafu kilichochomoza juu ndicho kinachowadanganya wenzako. Wanadhani hicho ni maji ya ziada, kumbe kimechomoza kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Wakitaka kuendelea kubisha, waulize je, ndani ya barafu kukiwa na kokoto itakuwaje? Hapo maji yatashuka kidogo, kwa sababu kokoto ikiwa imebebwa na barafu husukuma maji yenye uzito wake wote, lakini ikizama husukuma maji ya ujazo wake tu.

Sasa hilo la kuchekwa. Uko Tanga, basi nikukumbushe mwanafunzi aliyesoma huko kwenu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji, na nafasi humo ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake alimwahi kwa kuweka maziwa ambayo hakuyachemsha. Mpemba akaona akisubiri yake yapoe atakosa trei ya mwisho, akayaweka yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kuangalia. Ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado yalikuwa uji.

Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu zaidi, aliuliza tena, na darasa likamfanya kichekesho. Hakuacha. Siku Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuzungumza nao, Mpemba alisimama mbele ya wote akauliza kwa nini maji ya nyuzijoto 100 yanaganda kabla ya yale ya 35. Wenzake walicheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu sababu ya jambo hilo, na hata kuhusu iwapo linatokea kila mara, ila duniani kote linaitwa kwa jina lake.

Sikuhadithii haya ili udhani anayepingana na darasa ndiye sahihi siku zote. Wapo niliowafundisha waliosimama peke yao na walikuwa wamekosea kweli. Ninachotaka ushike ni kwamba watu 51 hawana uwezo wa kupandisha maji kwenye bilauri kwa kuwa wengi. Ulikuwa na sababu ya jibu lako? Isimamie.

Mwalimu, binti yangu tangu atoke kwenye Kemia hajala. Anasema wenzake wamepata majibu tofauti na yake. Keshokutwa ana Baiolojia. Nimfanyeje? (Mama, Morogoro)

Pole mama, na pole yake. Kwanza mpe uji kabla ya nasaha. Akishakunywa, mpigieni hesabu pamoja. Katika mtihani wa kidato cha nne, A inaanzia alama 75, B 65, C 45, D 30. Kipengele cha kuchagua herufi kina alama moja. Akikosa vitano bado hajaporomoka. Na daraja lake linatokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo hata Kemia ikiyumba, Baiolojia ya keshokutwa inaweza kuibeba, ila si akiifanya na tumbo tupu na usiku bila usingizi.

Nakuomba na jambo la pili. Akitoka kwenye Baiolojia, uwe umesimama getini, mchukue, mje moja kwa moja nyumbani. Mazungumzo ya chini ya mwembe kati ya pepa moja na nyingine hayaongezi hata nusu alama kwenye karatasi iliyokwisha kukusanywa, na huiba alama kwenye ile inayokuja. Nimelishuhudia hilo mara nyingi mno, na linaniuma kila mara.

Kupima sukari: mimi rangi ilikuwa kijani, jirani nyekundu ya tofali. Nani kapata? (Kidato cha nne, Dodoma)

Wote mmeona sukari. Kimiminika cha Benedict ni cha buluu, na kikichemshwa na sukari rahisi kama glukosi hupita kijani, njano, chungwa hadi nyekundu ya tofali, kadiri sukari inavyozidi. Mkiwa mlipewa sampuli moja, yamkini wewe uliitoa motoni mapema. Andika rangi uliyoiona, usiazime ya jirani.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, ajira mpya, Kigoma. Nataka baada ya utamilifu darasa zima tulinganishe majibu. Nifanyeje wasiishie kugombana?

Asante kwa kuuliza, umenifurahisha sana. Subiri kwanza masomo yote yaishe. Kisha kila mmoja aandike jibu lake na sababu yake kwenye kikaratasi, kimya, bila jina. Ukiruhusu midomo itangulie, mwenye sauti atawaburuza wote. Kusanya, andika majibu yote ubaoni hata yale ya ajabu, na kila jibu lisomewe sababu yake. Watoto wenyewe wataanza kufuta moja baada ya jingine. Pia pakua taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, uwaoneshe makosa ya watahiniwa waliowatangulia, ili wajue hawako peke yao.

Na swali la barafu wasilijadili sana. Weka bilauri mezani asubuhi, ijaze maji, tia barafu, chora mstari wa kalamu kwenye usawa wa maji, endelea na kipindi. Barafu ikiisha, waite wawili wawili waje wautazame mstari.